Kizibuo cha Gesi: Kukichagua na Kukitumia Bila Kupasua Chupa

Vizibuo vingi vya mvinyo huvuta kizibo kutoka juu. Kizibuo cha gesi hukisukuma kutoka chini. Sindano nyembamba yenye tundu hupenyezwa katikati ya kizibo mpaka ncha yake itokeze upande wa pili. Unabonyeza kitufe mara moja, gesi inaingia kwenye ile nafasi ndogo iliyo kati ya kizibo na mvinyo, na kizibo kinapanda chenyewe kikiwa bado kimeshikilia sindano. Hakuna kuzungusha, hakuna kuvuta, hakuna kuibana chupa katikati ya magoti.

Ndiyo maana nakipendekeza kwa watu ambao mikono haiwatii tena kama zamani: mwenye baridi yabisi, aliyewahi kuvunjika kifundo cha mkono, mzee ambaye vidole havikunji sawasawa, na mhudumu anayefungua chupa moja baada ya nyingine hadi kiganja kinauma. Kwa hao ni msaada wa kweli. Lakini kifaa hiki kinaingiza presha ndani ya kioo ambacho hakikutengenezwa kubeba presha. Kukitumia kunafundishika kwa dakika chache. Linalotaka akili zaidi ni kujua chupa ipi inafaa na ipi iachwe, na kujua wakati wa kuondoa kidole.

Kinachotokea ndani ya shingo

Chupa ya kawaida ya mililita 750 ina mdomo wenye upana wa ndani wa takriban milimita 18.5. Kizibo cha gome la mwaloni kinachoingizwa humo huwa na kipenyo cha milimita 24 kabla ya kubanwa. Maana yake kimekaa humo kikiwa kimeminywa muda wote, na kuminywa huko ndiko kunakozuia mvinyo usivuje na hewa isiingie. Kukitoa huhitaji nguvu inayoweza kufika au kupita uzito wa kilo 20.

Sasa piga hesabu. Kizibo kilichobanwa kwenye shingo kina uso wa chini wenye eneo la kama sentimita za mraba 2.7. Kilo 20 ukizigawa kwa 2.7 unapata zaidi ya kilo 7 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kama kilo 2 kwa kipimo hichohicho. Shampeni, ambayo kila mtu anajua ina presha, huwa na kilo 5 hadi 6, na chupa yake hufanywa nene kwa makusudi: ya siku hizi ina takriban gramu 835 ikiwa tupu. Chupa nyingi za mvinyo usio na mapovu ni nyepesi kuliko hiyo kwa mbali. Kwa hiyo kizibo kigumu kinaweza kudai presha kubwa kuliko ya shampeni ndani ya chupa isiyo ya shampeni.

Kama ni hivyo, mbona chupa nyingi hufunguka salama? Sababu kubwa ni ule udogo wa nafasi ya juu. Watengenezaji hujaza mvinyo hadi milimita 55 au 63 chini ya mdomo wa chupa, kutegemea aina ya chupa. Kizibo cha milimita 45 kikishachukua sehemu yake, hubaki nafasi ya mililita 3 hadi 5 tu. Gesi kidogo sana inatosha kuipandisha presha, na mara kizibo kinapoanza kusogea nafasi inaongezeka na presha inashuka papo hapo. Nguvu iliyohifadhiwa humo ni ndogo.

Geuza hali hiyo sasa. Chukua chupa iliyokwisha kunywewa nusu na kurudishiwa kizibo. Nafasi ya juu si mililita 4 tena, ni kama mililita 375. Ili kufikia presha ileile itabidi uingize gesi karibu mara mia ya ile ya mwanzo. Kioo kikishindwa hapo, hakitoi ufa na kutulia, kinarusha vipande. Nusu ya makatazo utakayoyasoma chini yanatokana na hesabu hii moja.

Jambo la pili la kuelewa ni nani anayepima presha. Vizibuo vingi vya gesi havina regulata, yaani kifaa cha kudhibiti presha. Katriji mpya ya kaboni dayoksaidi, yaani kile kichupa kidogo cha chuma kinachobeba gesi, ina sehemu ya gesi iliyo katika hali ya kimiminika, na kwenye nyuzi 20 za Selsiasi presha yake ni kama mara 57 ya presha ya hewa inayotuzunguka. Kwenye nyuzi 30 inapita mara 70. Kati ya presha hiyo na chupa yako kuna valvu ndogo inayofunguka unapobonyeza na kufunga unapoachia. Muda unaobonyeza ndio kipimo chenyewe. Ukishalijua hili, hutashika kitufe hicho kama unavyoshika cha kengele ya mlangoni.

Kuchagua kifaa

Kwanza hakikisha unanunua kitu unachokitaka, kwa sababu kwenye kundi la vizibuo vya gesi na hewa huuzwa vifaa ambavyo kazi zake hazifanani.

Vipo vinavyotumia gesi iliyofungashwa, na ndivyo mwongozo huu unavyovihusu. Baadhi hubeba katriji ndogo ya chuma ya kaboni dayoksaidi, inayotobolewa unapokaza kifuniko chake. Baadhi hutumia kopo dogo la gesi ya msukumo linalotengenezwa na kampuni ileile iliyotengeneza kizibuo. Kwa mtu anayeanza, mimi naegemea hivi vya kopo, kwa sababu gesi hizo huwa na presha ya chini kuliko kaboni dayoksaidi. Kizibo kikiwa kigumu mno, mara nyingi kitakataa tu kutoka badala ya presha kuendelea kupanda. Ubaya wake ni kwamba ukikosa makopo ya kampuni hiyo, kizibuo kinabaki pambo. Kabla ya kulipia, hakikisha makopo ya kubadilishia yanapatikana unakoishi, na yanapatikana peke yake bila kununua kizibuo kipya.

Kisha vipo vya pampu ya mkono. Sindano ni ileile, lakini badala ya gesi unapiga pampu ya hewa mara kadhaa. Ni rahisi, havina cha kujaza tena, na kila pigo linaongeza hewa kidogo, kwa hiyo unausikia ugumu ukipanda mkononi. Mtu mwenye viungo vinavyouma, hata hivyo, atachoka kupiga pampu kama angechoka kuzungusha skrubu. Tahadhari zote za chupa zilizomo humu zinahusu pampu pia. Kutokuwepo kwa katriji hakuifanyi hewa iliyosongwa kuwa pole.

Halafu kuna vifaa vya agoni, gesi isiyouharibu mvinyo, ambavyo kinachojulikana zaidi ni Coravin, kilichoingia sokoni mwaka 2013. Hivi havitoi kizibo kabisa. Sindano hupita, agoni huingia, mvinyo hutoka kupitia sindano hiyohiyo, na kizibo hujifunga tundu lake ili chupa iendelee kukaa. Ni kifaa kizuri kwa anayetaka glasi moja leo na nyingine baada ya wiki kadhaa, lakini usikinunue ukidhani kitang'oa vizibo. Historia yake ina funzo linalotuhusu: mwaka 2014 kampuni hiyo ilisimamisha mauzo kwa muda baada ya taarifa za chupa chache kupasuka, kisha ikaanza kuwapa wateja mfuko wa kitambaa kizito wa kuivalisha chupa. Kama waliofikiria presha kwa makini kiasi hicho waliona mfuko unahitajika, basi na wewe taulo halikuzidi.

Ukishajua aina, angalia sindano. Vizibo vingi vina urefu wa milimita 38 hadi 50 na ushee. Sindano fupi haitokezi upande wa pili. Gesi itaishia ndani ya kizibo na kukipasua, au itavuja kurudi juu. Sindano iwe nyofu, ya chuma kisichoshika kutu, isiyopinda ukiigusa kwa kidole. Matundu ya kutolea gesi yawe karibu na ncha. Iwe na kifuniko, kwa sababu sindano hii inachoma kwelikweli na droo ya jikoni hutiwa mikono bila kuangaliwa.

Mwili wa kizibuo uwe na kikombe kinachokaa juu ya mdomo wa chupa na kuifunika sehemu ya juu ya shingo. Kikombe hicho huiongoza sindano katikati. Kizibuo ambacho ni sindano tupu na kitufe kinakuachia wewe kazi ya kuinyoosha, na sindano iliyoinama hukwaruza kioo kwa ndani. Mkwaruzo kwenye shingo ndiyo sehemu ambayo ufa huanzia.

Kitufe kiwe kizito kidogo na kirudi mara tu unapokiachia. Kama unaweza kukijaribu dukani kikiwa bila katriji, kibonyeze mara kadhaa. Kikinata hata mara moja, kiache. Kikiwa na kifungio cha kuzuia kubonyezwa kwa bahati mbaya, ni nyongeza nzuri. Na kama unaona viwili vinavyolingana na kimoja kina valvu ya kupunguza presha iliyozidi, chukua hicho bila kusita.

Mwisho, katriji. Za kaboni dayoksaidi huja kwa uzito tofauti, 8, 12 na 16 zikiwa gramu za kawaida, nyingine zina nyuzi za skrubu shingoni na nyingine hazina. Tumia uzito na umbo lililoandikwa kwenye maelekezo ya kizibuo chako, na gesi iwe ya kiwango cha chakula. Katriji za bunduki za upepo, hata zikiingia vizuri, zinaweza kuwa na mafuta ya kulainisha ndani yake; mafuta hayo yataishia kwenye mvinyo. Katriji za gramu 8 za kupigia krimu zinafanana sana na za kaboni dayoksaidi, lakini ndani yake mna naitrasi oksaidi, gesi nyingine kabisa. Soma maandishi, usisome umbo. Na gesi ya kujazia viberiti ni marufuku kabisa: inawaka.

Kisu kidogo cha kukatia foili kikija pamoja na kizibuo, sawa. Kisipokuja, usikitafute, kisu chochote kidogo chenye makali kinatosha.

Chupa za kuacha

Hapa ndipo ninapotaka uwe mkali kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mvinyo wenye mapovu hauguswi. Ndani yake tayari mna presha; ukiongeza nyingine unacheza na kioo na kizibo kwa pamoja. Shampeni ni rahisi kuitambua kwa uyoga wa kizibo chake na waya, ila ipo mivinyo yenye mapovu madogo ambayo hufungwa kwa kizibo cha kawaida. Tafuta kwenye lebo maneno kama spumante, frizzante, pétillant, crémant, cava, sekt au prosecco. Ukiliona mojawapo, weka kizibuo cha gesi pembeni.

Chupa iliyokwisha kufunguliwa na kurudishiwa kizibo haiguswi, kwa ile sababu ya nafasi kubwa. Hata ile ambayo haijafunguliwa lakini mvinyo umeshuka hadi mabegani, labda kwa sababu ya uzee au kuvuja, ihesabu humohumo.

Chupa yenye ufa, iliyomeguka mdomo, yenye mkwaruzo unaoshikwa na ukucha au yenye povu la hewa ndani ya kioo, iache. Kadhalika chupa zisizo za duara: zilizo bapa, za pembe nne, zenye mabonde ya urembo. Duara hugawa presha sawasawa pande zote, wakati ubapa na pembe huikusanya mahali pamoja. Chupa za kioo chembamba, za kupuliza kwa mkono au za kutumika tena zilizosuguana kwa miaka, nazo ziache.

Kizibo kilichojitokeza juu ya mdomo wa chupa kinasema kuna kitu kimekisukuma: joto, au mvinyo umeanza kuchachuka tena ndani ya chupa. Presha ipo tayari. Kizibo kilichozama chini sana nacho kinatia shaka, kwa kuwa sindano inaweza kukisukuma kikatumbukia.

Mvinyo mzee sana uuheshimu kwa kutumia kifaa kingine. Kizibo cha miaka mingi kinakuwa laini upande mmoja na kikavu upande mwingine. Gesi hupita pembeni yake, au kinameguka katikati na nusu kubaki shingoni. Kizibuo cha bapa mbili, kile kinachoteleza pembeni mwa kizibo na kukishika kutoka kando, kinafanya kazi hiyo kwa upole zaidi.

Vizibo vya plastiki ni suala la maelekezo ya mtengenezaji. Baadhi yao wanaruhusu, wengine wanakataza. Utavitambua kwa uso wake laini wa rangi moja, usio na vishimo vya asili. Plastiki ni ngumu kwa sindano, na anayelazimisha ndiye anayeishia kuipinda. Kama sindano haiingii kwa msukumo wa kawaida, hiyo si chupa ya kizibuo hiki. Vifuniko vya kuzungusha, vya kioo, na vizibo vyenye kichwa cha kushika kwa vidole havihitaji gesi yoyote.

Kwa sababu ya orodha hii yote, kizibuo cha gesi hakipaswi kuwa cha pekee nyumbani. Weka kando yake kile cha kukunja cha wahudumu, chenye skrubu na mkono wa kuegemea kwenye mdomo wa chupa. Muundo huo ulisajiliwa na Mjerumani Karl Wienke mwaka 1882, na hadi leo haujapata mbadala kwa chupa zenye mashaka.

Hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: isimamishe chupa. Kama ilikuwa imelazwa, isimamishe mapema ili mvinyo ushuke, ile nafasi ya juu ijikusanye chini ya kizibo, na machicha yatulie. Iweke juu ya meza imara isiyoteleza, si mapajani, si mkononi, si kwenye ndoo ya barafu yenye maji. Kama ilikuwa kwenye barafu, ifute ikauke kabisa, maana mkono unaoteleza juu ya sindano ni hatari kuliko gesi yenyewe.

Hatua ya pili: toa foili yote ya juu. Kwa kizibuo cha skrubu watu huridhika kukata duara dogo. Hapa kata chini ya ukingo wa pili wa mdomo na uitoe, au uivue nzima, kwa kuwa unahitaji kuona kioo. Futa mdomo kwa kitambaa chenye unyevu. Pitisha macho kuzunguka shingo chini ya mwanga, kisha tazama kizibo: kiko sawa na mdomo? Ni cha gome au cha plastiki? Kimelowa pembeni? Nta ya kuziba, kama ipo, ipasue na uisafishe kwanza, isije ikaziba tundu la sindano.

Hatua ya tatu: ivalishe chupa. Taulo la jikoni lililokunjwa, lizungushwe kuanzia mabegani hadi chini na kukazwa, linatosha. Kama kizibuo kilikuja na mfuko wake, tumia mfuko. Mwenye miwani aivae. Wanaokuzunguka warudi nyuma kidogo, na watoto wasikae usawa wa meza wakiangalia. Uso wako usiwe juu ya kizibo, uwe pembeni.

Hatua ya nne: ingiza sindano. Iweke katikati kabisa ya kizibo, kizibuo kikiwa wima. Shika shingo kupitia taulo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine sukuma moja kwa moja kuelekea chini. Usizungushe na usitikise kushoto na kulia. Mwenye mikono dhaifu asimame badala ya kukaa, aweke kiganja juu ya kizibuo na kuuacha uzito wa mwili ufanye kazi. Hapo vidole havina jukumu kubwa. Dole gumba lisiwe karibu na kitufe wakati huu. Endelea mpaka kikombe kikae juu ya mdomo wa chupa. Mara nyingi utasikia ukinzani ukilegea ghafla ncha inapotokeza.

Hatua ya tano ndiyo yenyewe. Bonyeza kitufe na uachie mara moja. Kubonyeza huko kuwe kwa kugusa, chini ya sekunde moja. Kisha subiri. Kizibo hakiruki kila mara papo hapo. Mara nyingine kinatulia kidogo halafu kinaanza kupanda taratibu, hasa kama kiligandamana na kioo. Hesabu polepole hadi tano huku umeshikilia kizibuo wima bila kukikandamiza chini, kwa sababu ukikandamiza unapingana na gesi uliyoingiza mwenyewe.

Kikipanda, kifuate kwa mkono, usikivute. Kitatoka kwa mlio mdogo. Ukisikia mlio mkubwa, uliingiza gesi kuliko iliyohitajika, na chupa inayofuata ibonyezee kifupi zaidi.

Kisiposogea kabisa, bonyeza kwa ufupi uleule mara ya pili, na usubiri tena. Hapo ndipo mwisho wangu. Wapo wanaoendelea mara ya tatu na ya nne, na ndio ninaowaandikia sentensi hii kwa msisitizo: kizibo ambacho hakikutikisika kwa mara mbili kina tatizo ambalo gesi zaidi haitatatua. Ama sindano haijatokeza, ama gesi inavuja, ama kizibo kimeganda. Kila mbonyezo wa ziada unaingia kwenye chupa ambayo hujui presha yake imefika wapi.

Hatua ya sita: toa kizibo kwenye sindano. Vizibuo vingi vina kishikio cha kusukuma kinachokishusha kizibo bila vidole kukaribia ncha. Kama chako hakina, shika kizibo kwa kitambaa na ukivute kwa kunyoosha. Usibonyeze gesi ili kukitoa. Hiyo ni njia ya kukirusha mtu usoni. Rudisha kifuniko cha sindano kabla ya kumimina.

Futa mdomo wa chupa kwa ndani, mimina, onja. Kaboni dayoksaidi huyeyuka kwenye mvinyo, lakini kiasi kilichoingia kwa mguso mmoja ni kidogo, na kinachobaki juu hutoka unapomimina.

Kikigoma

Umebonyeza mara mbili, kizibo kimekaa. Usiinamie chupa kuchungulia. Acha taulo lilivyo, ongeza kitambaa kingine juu ya shingo na kizibuo, kisha nyanyua sindano polepole kwa kunyoosha. Ukisikia hewa ikitoka kwa mvumo, simama hapohapo iishe, ndipo uendelee.

Sindano ikishatoka, kumbuka sifa ya gome la mwaloni: hujirudi na kuziba tundu. Kwa hiyo chupa inaweza kuwa bado na presha hata kama kila kitu kinaonekana kimya. Iache isimame dakika kadhaa ikiwa imefunikwa. Baadaye tumia kizibuo cha skrubu, kitambaa kikiwa juu, na uwe tayari kwa kizibo kinachoweza kutoka kwa urahisi usioutarajia.

Ukisikia mlio wa gesi kuvuja wakati unabonyeza, sababu huwa moja kati ya mbili. Kama inatoka pembeni mwa kizibo, kizibo ni kikavu au kimechoka. Acha gesi, tumia bapa. Kama inatoka kwenye mwili wa kizibuo, kipete cha mpira kinachoziba katriji kimechakaa au katriji haikukazwa. Usiikaze ikiwa inavuja na sindano iko chupani. Toa kwanza, kaza baadaye.

Mvinyo ukirushwa kupitia pembeni mwa kizibo wakati wa kubonyeza, chupa ilijazwa juu sana na ncha ya sindano imezama kwenye mvinyo. Hakuna hatari kubwa, ila mabaka ya mvinyo mwekundu hayatoki kirahisi. Chupa zinazoonekana zimejaa mpaka karibu na kizibo ziache kwa skrubu.

Kizibo kikipasuka katikati, au kipande kikiangukia ndani, usijaribu kuokoa mabaki kwa gesi. Toa kilichobaki kwa skrubu, chuja mvinyo kwa kichujio cha chai kilicho safi, na unywe bila wasiwasi. Vipande vya gome havina madhara.

Katriji na utunzaji

Katriji huwekwa mahali pakavu, penye kivuli, mbali na jiko. Nyingi huandikwa zisipite nyuzi 50 za Selsiasi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hilo hufikiwa. Usiziweke humo. Kwa ndege, usizipakie kwenye mzigo wowote kabla hujauliza shirika lenyewe. Gesi iliyosongwa ina masharti makali.

Unapoweka katriji mpya, kaza kwa mwendo mmoja usiositasita mpaka mlio wa kutobolewa usikike na ukatike. Kukaza nusunusu ndiko kunakovujisha gesi. Katriji inapotoa gesi nyingi hupoa ghafla kiasi cha kuunguza ngozi kwa baridi, kwa hiyo usiishike kwa mkono mtupu wakati huo. Usifungue kifuniko chake ikiwa bado na gesi. Kuimaliza, elekeza sindano pasipo na mtu, nje au penye hewa ya kutosha, na bonyeza vipindi vifupi hadi kimya kitokee.

Utajua katriji inaisha kizibo kinapoanza kupanda kivivu na chupa za kawaida zinapodai mbonyezo wa pili. Badilisha hapo. Katriji nusu tupu ndiyo inayomfanya mtu abonyeze kwa muda mrefu, na mazoea hayo atayahamishia kwenye katriji mpya. Zikiisha kabisa, za chuma huenda pamoja na vyuma chakavu. Usizichome moto wala kuzitoboa.

Sindano ifutwe kila baada ya matumizi kwa kitambaa chenye maji ya moto, ikaushwe, na tundu likaguliwe dhidi ya mwanga kama kuna unga wa kizibo. Usikitumbukize kizibuo chote kwenye maji, na usikiweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Maji yakiingia kwenye valvu, kitufe kitaanza kunata. Kipete cha mpira kikionyesha nyufa kibadilishwe. Sindano iliyopinda hainyooshwi, hata kama kwa macho inaonekana imerudi sawa: inapoingia kwenye kizibo itafuata upande iliopindia, na upande huo ni wa kioo. Nunua nyingine, au staafisha kizibuo.